Tijuana: Kuingia ni dakika chache, kurudi ni hesabu nyingine

TRENI nyekundu za umeme ziendazo kusini kutoka katikati ya jiji la San Diego, nchini Marekani, humaliza safari zake San Ysidro, hatua chache tu kutoka ardhi ya Mexico. Abiria anayeshuka hapo anaweza kuingia jiji la Tijuana kwa miguu kabla kahawa aliyoinunua kituoni haijapoa. Upande wa Marekani hakuna afisa anayegonga muhuri wa kutoka, na mara nyingi hakuna anayemuuliza msafiri anakwenda wapi wala kufanya nini.

Urahisi huo ndio mtego. Mlango ule ule, ukitazamwa kutoka upande wa pili, ni miongoni mwa vituo vya mpaka vyenye msongamano mkubwa na ukaguzi mkali kuliko vingi duniani. Makumi ya maelfu ya magari na watu huupita kila siku kuelekea kaskazini, na kila mmoja hulazimika kueleza yeye ni nani na ana haki gani ya kuingia.

Suala hili linawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki zaidi ya wanavyoweza kudhani. Kusini mwa California wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaoishi huko kwa masomo, kazi au ukimbizi, na ndugu zao huenda kuwatembelea. Mgeni akishaona bahari na bustani ya wanyama ya San Diego, mara nyingi hutokea mtu akapendekeza: "Twende Mexico tukale mchana, jioni tutakuwa tumerudi." Swali ambalo wengi huuliza hapo ni kama watapigwa risasi. Ni swali la haki, lakini si la kwanza.

Tijuana ni zao la mpaka wenyewe. Kabla ya vita vilivyomalizwa kwa mkataba wa mwaka 1848, San Diego na eneo lote hilo vilikuwa Mexico. Mkataba ule ulipochora mstari mpya, kilichobaki kusini kilikuwa shamba la ng'ombe. Mji unahesabu kuzaliwa kwake kuanzia mwaka 1889. Ulinawiri hasa pale Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya mwaka 1920 na 1933, Wamarekani wakawa wanavuka kwenda kunywa na kucheza kamari. Ni katika miaka hiyo mgahawa mmoja wa mji huo, wa Caesar Cardini, ulipojipatia sifa ya kubuni saladi ambayo leo huandaliwa katika hoteli za Nairobi na Dar es Salaam. Kwa ufupi, jiji hili limeishi kwa tofauti ya sheria baina ya nchi mbili: kilichokatazwa huku kiliruhusiwa kule. Mtalii wa leo akumbuke kuwa tofauti hiyo ingalipo, na kwamba hukata pande zote mbili.

Kuhusu risasi, ukweli usemwe bila kupunguzwa. Tijuana, yenye wakazi wapatao milioni 1.9 kwa sensa ya mwaka 2020, imekuwa kwa miaka mingi mojawapo ya miji yenye mauaji mengi nchini Mexico. Mwaka 2018 peke yake waliuawa watu wapatao 2,500. Agosti 2022 magenge yalichoma magari katika sehemu mbalimbali za jiji kwa usiku mmoja, na ubalozi mdogo wa Marekani ukawaagiza watumishi wake wasitoke majumbani. Serikali ya Marekani, ambayo hupanga tahadhari za safari kwa ngazi nne, kwa miaka ya karibuni imeliweka jimbo la Baja California katika ngazi ya tatu, inayomtaka raia wake afikirie upya safari yake.

Hata hivyo, takwimu za jiji zima hazimwelezi mtalii mengi. Sehemu kubwa ya mauaji hayo hutokana na ugomvi wa magenge juu ya biashara ya rejareja ya dawa za kulevya, na hutokea zaidi katika vitongoji vya mashariki na pembezoni, ambako mgeni hana shughuli. Eneo la Zona Río, lenye kituo cha utamaduni kiitwacho CECUT na jengo lake la duara lililofunguliwa mwaka 1982, pamoja na soko la Hidalgo lililo karibu nalo, hujaa familia mchana kutwa. Barabara ya Avenida Revolución nayo ina maduka, migahawa na polisi wengi. Lakini mwisho wake wa kaskazini, palipo na tao kubwa la chuma linaloonekana kutoka mbali, ndipo unapoanzia mtaa wa Zona Norte, wenye madanguro, walevi na wauza unga. Ni umbali wa kutembea dakika chache. Mtu anayeongozwa na simu kurudi mpakani usiku anaweza kupitishwa humo bila kujua, kwa kuwa ramani ya simu hutafuta njia fupi, si njia salama.

Ufukwe wa Playas, ambako ukuta wa mpaka huingia hadi ndani ya maji ya bahari, ni mahali pa kutazama na kupiga picha. Kuogelea ni jambo jingine. Majitaka ya jiji yamekuwa yakimwagika baharini kwa miaka mingi, kiasi kwamba fukwe za upande wa Marekani zilizo jirani zimefungwa kwa vipindi virefu. Mvua ikinyesha hali huwa mbaya zaidi.

Baada ya hayo, lije swali ambalo lilistahili kutangulia: je, msafiri huyu ataweza kurudi?

Afrika Mashariki imewazoesha watu wake mipaka ya aina nyingine. Pale Tunduma na Nakonde, Tanzania na Zambia hutenganishwa na upana wa barabara, na wapo wanaovuka kununua unga au kusuka nywele. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivukiana kwa vitambulisho vya taifa. Mtu aliyekulia katika mazoea hayo huweza kuona mpaka kama ukumbi wa kupita. San Ysidro si ukumbi.

Raia wa Kenya au Tanzania huhitaji viza kuingia Mexico, isipokuwa awe na viza hai ya Marekani au ukaazi wa kudumu wa nchi hiyo, au vibali vya namna hiyo vya Canada, Uingereza, Japan au nchi za Schengen. Mwenye viza hai, basi, huingia na pasi yake bila taabu. Lakini kuna tofauti ambayo wengi huikosa. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Muda wa mgeni kukaa Marekani huandikwa katika kumbukumbu yake ya kuingia, ijulikanayo kama I-94. Mtu anaweza kuwa na viza ya miaka miwili ilhali muda wake wa kukaa ulikwisha miezi saba iliyopita. Maadamu yumo ndani, anaweza asihisi chochote. Siku anapotoka, hata kwa chakula cha mchana, sheria humwamkia.

Sheria yenyewe ilitungwa na Marekani mwaka 1996. Aliyepitiliza muda wake kwa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha akatoka, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Aliyepitiliza mwaka mmoja au zaidi huzuiwa kwa miaka 10. Adhabu hiyo haianzi mpaka mhusika atoke nje ya nchi, na kutembea kwa miguu hadi Tijuana ni kutoka nje ya nchi. Hapa ndipo matembezi ya saa tatu yanapoweza kumtenga baba na watoto wake kwa muongo mzima.

Walio katika hatari zaidi ni wale wanaodhani wako salama kwa kuwa "mambo yao yanashughulikiwa". Aliyeomba hifadhi na bado hajajibiwa, akitoka bila kibali maalumu cha kusafiri na kurejea kilichotolewa kabla ya safari, ombi lake huchukuliwa kuwa limetelekezwa. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo pia kwa aliyeomba kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo wengi huiita grinikadi, naye angali akisubiri. Mkimbizi aliyekwisha kupokelewa, kama walivyo Wakongo wengi wazungumzao Kiswahili walioko San Diego, anatakiwa kuwa na hati ya kusafiria ya wakimbizi kabla hajavuka. Barua ya mwajiri, leseni ya udereva ya California au kadi ya hifadhi ya jamii havitamsaidia mbele ya afisa.

Upo pia mlango mdogo ambao hutajwa sana vijiweni. Sheria ya Marekani huruhusu, katika hali fulani, mtu ambaye viza yake imekwisha muda lakini I-94 yake bado hai kurudi kutoka Mexico ndani ya siku 30. Ni kweli, lakini ruhusa hiyo ina masharti mengi, na zaidi ya hapo viza iliyokwisha haimwondolei mtu wajibu wa kuwa na viza ya Mexico. Anaweza kukwama kwa upande ambao hakuutarajia. Tena kanuni za Marekani zimekuwa zikibadilika kwa kasi: Juni 2025 nchi hiyo ilitangaza vizuizi vipya vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na baadaye orodha ikarefushwa. Ushauri wa rafiki aliyevuka miaka mitano iliyopita, hata ukiwa wa nia njema, umepitwa na wakati. Mwenye shaka yoyote juu ya karatasi zake ni vyema amwone mwanasheria wa uhamiaji, na mpaka atakapojibiwa ale chakula chake cha Kimexico huko huko San Diego, ambako nacho ni kitamu.

Karatasi zikiwa safi, hufuata mfuko. Mexico ina sheria kali mno za silaha. Kuingia na bunduki bila kibali ni kosa la jinai, na hata risasi moja iliyosahaulika kwenye begi huweza kumfikisha mtu mahabusu. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Andrew Tahmooressi, askari wa zamani wa jeshi la majini la Marekani, aliyekamatwa 31 Machi 2014 mpakani hapo akiwa na bunduki tatu na risasi zaidi ya 400 ndani ya gari lake. Alijitetea kwamba alipitiliza njia ya mwisho ya kuchepukia kabla ya mpaka, akajikuta Mexico bila kukusudia. Aliachiwa 31 Oktoba mwaka huo, baada ya miezi saba gerezani na baada ya wanasiasa wa nchi yake kuingilia kati. Mgeni kutoka Afrika Mashariki, ambaye pengine hajapata kushika bunduki, ataona jambo hili halimhusu. Linamhusu ikiwa gari aliloazima ni la rafiki ambaye ni mwindaji au mlinzi. Ni busara kulipekua kwanza, pamoja na chini ya viti.

Sigara za kielektroniki, zinazouzwa kila kona ya California, zimepigwa vita Mexico kwa miaka kadhaa, na Januari 2025 katazo la biashara yake liliingizwa katika katiba ya nchi hiyo. Bangi nayo huuzwa madukani California kwa ruhusa ya jimbo tangu Januari 2018. Kuivusha mpaka, kwenda au kurudi, ni kosa kwa sheria za Mexico na za serikali kuu ya Marekani. Asiye raia anayekutwa nayo wakati wa kurudi huhatarisha haki yake ya kukaa nchini humo.

Maduka ya dawa yanahitaji aya yao. Yamepangana kuanzia mpakani hadi Avenida Revolución, yenye mabango ya Kiingereza, na ni kweli kwamba wagonjwa wengi kutoka Marekani huyategemea kwa dawa za kisukari na shinikizo la damu ambazo kwao zina bei ya kutisha. Mwanzoni mwa mwaka 2023, uchunguzi wa gazeti la Los Angeles Times na mwingine wa watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ulibaini kuwa baadhi ya maduka katika miji ya kitalii ya kaskazini mwa Mexico yalikuwa yakiuza vidonge kimoja kimoja, kwa majina ya dawa za maumivu au za kuchangamsha, huku ndani yake mkiwa na fentanili, heroini au methamfetamini. Fentanili ina nguvu takriban mara 50 kuliko heroini, na kidonge kimoja chaweza kuua. Machi mwaka huo serikali ya Marekani ilitoa onyo rasmi. Mtu anayeumwa jino au mgongo akiwa matembezini asinunue kidonge cha kutoa kwenye chupa, hata kama muuzaji amevaa koti jeupe. Dawa iwe kwenye boksi lililofungwa, na zile zinazohitaji cheti cha daktari zisinunuliwe bila cheti.

Kwenda kwa gari kuna raha yake, lakini kwa matembezi ya siku moja mzigo unazidi raha. Bima ya Marekani haitambuliwi Mexico. Dereva asiye na bima ya Mexico akigonga mtu anaweza kuwekwa kizuizini hadi ijulikane nani atalipa, na kampuni nyingi za kukodisha magari haziruhusu magari yao yavuke. Wanaovuka kwa miguu huepuka yote hayo. Teksi za njano zinazowasubiri watu mpakani hazina mita, kwa hiyo nauli ipatanwe kabla ya kupanda. Zile ziitwazo taxi libre zina mita, nayo magari ya kuitwa kwa simu kama Uber hupatikana mjini. Usiku, gari la kuitwa kwa simu ni afadhali kuliko lolote linalosimamishwa barabarani.

Hapo ndipo mgeni huweza kukutana na kile wenyeji wanachokiita mordida, yaani mng'ato, ambacho Nairobi ni kitu kidogo na Dar es Salaam ni chai. Askari humsimamisha mtu kwa kosa la kweli au la kuzua, kwa mfano kunywa bia njiani, jambo ambalo kweli limekatazwa, kisha humwonyesha kwamba laweza kumalizwa pale pale. Wanaolijua jiji hushauri upole bila haraka: kuomba karatasi ya faini, kusoma jina na namba ya askari, na kusema kuwa faini italipwa mahali panapohusika. Asiye na kosa mara nyingi huachwa aende zake, kwani muda wa askari nao una thamani. Kinachoharibu mambo ni kufoka, au kutoa bunda lote la noti ili kuchomoa moja.

Msafiri mweusi ana jambo la ziada la kuzingatia. Tangu mwaka 2016 maelfu ya Wahaiti wamefika Tijuana wakitafuta njia ya kwenda kaskazini, wakafuatiwa na Wakameruni, Wakongo na Waafrika wengine waliopita misitu ya Amerika ya Kati. Wengi walibaki, na sasa wanafanya kazi viwandani na kuuza bidhaa sokoni. Kwa sababu hiyo afisa wa uhamiaji wa Mexico anayemwona Mwafrika mtaani anaweza kumdhania kuwa mhamiaji na kumtaka karatasi, wakati mtalii mzungu aliye kando yake hapaswi hata kugeuka. Haipendezi, lakini ndivyo ilivyo, na pasi halisi pamoja na kibali cha kuingia alichopewa mpakani humaliza mazungumzo upesi kuliko maelezo. Pasi ikae mfuko wa ndani, picha yake ikae kwenye simu ya mtu aliyebaki San Diego. Wale wanaowafuata Waafrika mitaani wakijitolea "kuwavusha" kwa malipo waepukwe kabisa.

Utapeli wa simu umeenea pia. Mtu hupiga simu kwa familia akidai kwamba ndugu yao ametekwa, na kilio hutolewa nyuma ya sauti, ilhali anayetajwa yuko mgahawani akila. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, limekwisha kuonya juu ya mbinu hiyo. Dawa yake ni nyepesi: kukubaliana mapema na walio nyumbani juu ya saa ya kuwasiliana na neno moja ambalo mgeni hawezi kulijua. Fedha nazo zitolewe ndani ya benki au duka kubwa, mchana, na kadi ya pili iachwe nyumbani.

Penye dharura, namba ni 911 kama ilivyo Marekani, na kwa msaada wa watalii katika jimbo la Baja California ni 078. Wenye pasi za Kenya au Tanzania wajue kabla ya safari ni ubalozi gani unaowahudumia wakiwa Mexico, kwani ule wa Marekani hauna wajibu kwao.

Inabaki foleni ya kurudi. Kwa miguu yaweza kuchukua nusu saa au saa kadhaa, kutegemea siku. Jioni za Jumapili na mwisho wa sikukuu za Marekani ndizo mbaya zaidi, na watoto huchoka. Anayetoka Avenida Revolución saa tisa alasiri atasimama kwenye mstari juani akiwa na watu wengi na mwanga wa kutosha, na atafika dirishani kabla ya giza, pasi mkononi.